Nurdini Anahamia Ipagala kwa Gari la Betri

Benchi letu liko Kikuyu, hapa Dodoma, na kama hulijui basi wewe ni mgeni au una kazi ya kufanya. Ni benchi la saruji, limejengwa kufuata ukuta wa baraza la nyumba ya Nurdini fundi redio. Mababu zake walikuja na misafara ya biashara, wakachoka hapa, wakajenga. Nurdini anatengeneza redio kwenye meza yake pale pembeni, mkewe Nasra anapika kahawa kwenye jiko la mkaa, na sisi wengine tunafanya kazi ya kuzungumza. Mimi naitwa Abdulrazaki, ila hapa jina langu ni Kisiki, kwa sababu nauza mkaa ng'ambo ya barabara na wanadai nikipita porini vinabaki visiki tu. Mwaka wenyewe ni huu wa tisini na saba. Biashara imekuwa huria, kila mwenye ndugu Dubai analeta gari, na mtu unaweza kununua redieta kirahisi kuliko kupata ndoo ya maji. Alasiri hiyo Nurdini alitutangazia kwamba anauza nyumba.

Alisema huku ameinamia redio, kama mtu anayeaga kwenda dukani.

— Nauza. Nahamia Ipagala. Mnunuzi anakuja leo saa kumi, tunaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, basi.

— Ipagala ipi? Ile ya mbali? aliuliza Nusulita.

— Kwani kuna nyingine?

Nusulita jina lake halisi ni Imrani. Alikuwa akijaza petroli kwenye kituo kimoja mjini, mpaka wenye magari walipoanza kupima wenyewe kwa chupa. Siku hizi anauza petroli kando ya barabara, kwa chupa zile zile, ambazo lita yake ni nusu.

— Sawa, nikasema. Na kila siku utakuja mjini na nini?

— Na gari, akajibu Bandari kabla Nurdini hajainua kichwa.

Hapo nikajua mpango wote umetoka wapi. Bandari ni Makame, dalali. Ukimuuliza friji, iko bandarini. Ukimuuliza mtumba wa koti, uko bandarini. Nadhani hata mkewe yuko bandarini, ndiyo maana hatujawahi kumwona.

— Gari gani? aliuliza Nusulita, macho yameanza kung'aa. Alishaona mteja.

— Wewe usijisumbue, hilo halinywi petroli.

— Linakula wali?

— Linakula umeme. Limeshuka kwenye kontena, huko Ulaya lilikuwa linazunguka ndani ya ghala. Dogo, jeupe, viti viwili. Unalichomeka ukutani kama pasi, unalala, asubuhi limeshiba. Halitoi moshi, halipigi kelele. Mwarabu akipandisha mafuta, Nurdini anacheka tu.

Nusulita aliweka kikombe chini. Sijawahi kumwona ameumia hivyo, hata siku aliyofukuzwa kazi.

— Umeme wenyewe tunagawiwa, Bandari. Wiki hii tumeuona mara tatu. Siku ambazo haupo gari litafanya nini?

— Litafunga sunna, nikasema.

— Litafunga hadi mwezi uandame, akasema Mzee Bikoni.

Mzee Bikoni ni Mzee Halfani, na yeye ndiye mkubwa wetu. Alishika mnyororo wa wapima ardhi miaka ishirini. Bikoni nyingi, yale mawe ya mipaka ya viwanja vya mji huu, amezichimbia kwa mikono yake, na akipita mtaani anazisalimia.

— Hebu tufikiri, akasema. Umeme unatoka wapi?

— Mtera, akajibu Bandari.

— Na huo wa Mtera unaendeshwa na nini?

— Maji ya bwawa.

— Na maji ya bwawa?

— Mvua.

— Kwa hiyo umemtafutia mwenzako gari linalotumia mvua. Dodoma.

Tulicheka mpaka Nasra akachungulia mlangoni. Hakucheka. Alitazama jiko, akaongeza mkaa vipande viwili, akarudi ndani. Nurdini alikuwa anachomelea waya kwa risasi, moshi unamwingia machoni, anajifanya hatusikii.

— Halafu huko Ipagala nguzo zimefika? nikauliza.

— Zimefika, akasema Bandari.

— Zimefika mbili, akasema Mzee Bikoni. Zimelazwa chini. Watu wanazikalia wakisubiri boza la maji.

— Basi atanunua jenereta. Kadogo tu, ka kuchaji gari.

— Na jenereta inanywa nini? aliuliza Nusulita taratibu.

Bandari alikunywa kahawa kwanza.

— Petroli.

Nusulita akakishika tena kikombe chake. Akamwambia Nurdini karibu sana Ipagala, atamletea chupa mpaka mlangoni.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini benchi letu halijawahi kuacha jambo likiwa na akili. Bandari akasema basi jua, Dodoma jua tunalo la kumwaga. Waweke paa la vioo vya umeme wa jua juu ya gari. Nusulita akataka kujua nani atafuta vumbi la vioo hivyo kila baada ya dakika tano. Bandari akahamia kwenye upepo. Wafunge pangaboi juu ya gari, gari likienda upepo unavuma, pangaboi likizunguka linatoa umeme, umeme unaendesha gari.

— Na la kwanza kuanza ni lipi, gari au upepo? nikauliza.

— Mtalisukuma kidogo.

— Sisi?

— Si rafiki yenu?

Mzee Bikoni akasema kwa uzito wote kwamba kwa hesabu zake punda wawili wanatosha. Wafungwe mbele. Gari litakwenda bila petroli, bila umeme, na bila Bandari.

Nami, Mungu anisamehe, nikaona nafasi ya biashara. Nikawaambia treni ya zamani ilikuwa inakwenda kwa moto na maji, kwa nini Nurdini asifungiwe jiko nyuma ya gari? Gunia moja la mkaa Ipagala na kurudi. Namfanyia bei ya jirani.

— Mkaa wako unatoka wapi siku hizi, Kisiki? aliuliza Mzee Bikoni.

— Haneti.

— Na zamani?

Nikaanza kupuliza kahawa yangu, maana nilijua anakokwenda.

— Zamani ulikuwa unatoka Ipagala, akasema. Nilipokwenda kupima kule mara ya kwanza tulikuwa tunakata njia kwa panga ndipo mnyororo upite. Tulikuwa tunakula kivulini. Sasa kila mti umekuwa kiwanja, na kila kiwanja kina mtu anayesema amefuata hewa safi. Mkaa unaletwa na lori kutoka Haneti, linatapika moshi wa dizeli njia nzima, ili huyu mke wa watu atupikie kahawa. Na kesho Haneti nako watapima. Nitakuwa nimekufa, lakini bikoni zangu zitakuwa zimefika.

Mimi nilijikuna shingo nikatazama magunia yangu ng'ambo ya barabara. Sikuyapenda.

— Nyinyi chekeni tu, akasema Nurdini.

Alikuwa amezima chuma cha kuchomelea. Uso umemwiva.

— Kila Idi ndugu zangu wanatoka Dar. Wanashuka kwenye magari hapa mbele, nguo zimenyooka, na mimi nawapokea na bisibisi mkononi kwenye nyumba ya babu. Nimechoka. Nina miaka arobaini na tatu na sijawahi kupigilia msumari kwenye ukuta nilioupata kwa jasho langu. Kule nimepata nusu eka. Nitapanda mizabibu. Asubuhi natoka na gari langu, jioni narudi na gari langu. Kuna ubaya gani?

Ukweli aliongea vizuri, na mimi roho iliniuma. Hata Nusulita alitazama chini. Nasra alikuwa amesimama mlangoni na buli, sijui kwa muda gani.

— Na shemeji anasemaje? nikauliza.

— Mimi niliuliza swali moja juzi, akasema Nasra. Nikaambiwa ninyamaze.

— Swali gani?

— Si nimenyamaza.

Akatumiminia kahawa, mmoja mmoja, akamruka mumewe.

Saa kumi na nusu gari la mnunuzi likafika. Land Cruiser, nyekundu kwa vumbi, ukiifuta huenda ikawa nyeupe. Akashuka mtu mnene mwenye futi ya kupimia mfukoni, akamsalimia Mzee Bikoni shikamoo, sisi akatupa habari za saa hizi. Akasema anaitwa Batholomeo, ofisa, alihamishiwa makao makuu kutoka Dar es Salaam.

— Na sasa hivi unakaa wapi, mheshimiwa? nikamuuliza.

— Ipagala.

Bandari akaanza kutafuta kitu chini ya benchi.

— Miaka miwili, akaendelea ofisa. Nina nyumba nzuri, nina uwanja mkubwa. Ofisi iko mjini, shule ya watoto iko mjini, kanisa liko mjini, hata kiberiti kikiisha kiko mjini. Kule nakwenda kulala tu. Tangi la petroli likijaa Jumatatu, Ijumaa nakopa chupa kwa kijana mmoja hapo barabarani, na chupa zenyewe hazijai.

Nusulita naye akaungana na Bandari kutafuta.

— Kwa hiyo nikasema hapana, nirudi mjini niende kazini kwa miguu. Nilimwambia dalali anitafutie nyumba hapa, na nusu eka yangu kule aitafutie mtu wa kuichukua.

Sote tukamgeukia Bandari. Alikuwa bado chini ya benchi, na hakuonekana kuwa na haraka ya kutoka. Nurdini naye alimtazama, kisha akarudi kwenye redio yake. Mtu akishaamua, aibu yake inamsukuma mbele zaidi ya hoja.

Ofisa akatoa futi. Akapima mlango, akapima dirisha. Akaja kwenye benchi, akatuomba tuinue miguu, akapima chini yetu na kuchora mstari kwa chaki, kama tuko kwa fundi cherehani.

— Hili nitalivunja, akasema.

— Lipi? aliuliza Mzee Bikoni.

— Hili benchi. Pamoja na hii meza ya redio. Hapa patatosha kabisa gari kulala.

Mimi ni mtu mzima, lakini niliushika ukingo wa lile benchi kwa mkono mzima. Tangu alasiri tulikuwa tunagombana juu ya mvua, pangaboi na punda. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuuliza yeye mwenyewe amekalia nini. Mzee Bikoni, aliyepima mji mzima, alikuwa anapapasa saruji kama ndiyo kwanza anaiona.

— Si ulisema kazini utakwenda kwa miguu? akauliza Mzee.

— Nitakwenda. Lakini gari siwezi kuliacha nje.

Kisha akamgeukia Nurdini, kwa upole tu, kama wanavyofanya wanaonunua nyumba ya mtu.

— Na wewe fundi, umeshapata usafiri wa kule?

— Nimepata. Gari la betri.

— Safi. Na kazi yako iko wapi?

— Hapa mjini.

— Mjini wapi?

— Hapa, akasema Nurdini, akagusa meza yake. Wateja wangu wote wamenizoea hapa. Kila asubuhi nitakuwa nakuja hapa.

Ofisa alikunja futi yake polepole. Akaitazama meza, akautazama mstari aliouchora kwa chaki palipo na benchi, akamtazama Nurdini.

— Hapa kwangu?

Redio iliyokuwa mezani ilikuwa wazi, matumbo nje. Bandari hakutoa kichwa. Mzee Bikoni alianza "kisheria", akaishia hapo hapo. Mimi nilimtazama Nasra mlangoni, na kwa jinsi alivyomtazama mumewe nikalijua swali lile aliloambiwa alinyamazie juzi.

Nurdini alikaa. Alikaa kwenye kigoda chake kile kile, mbele ya meza ile ile, mikono imelala mapajani. Alionekana kama mtu aliyetoka safari ndefu akakuta ameshukia nyumbani kwake.

— Nasra, akasema. Nipe kahawa.

Nasra alikuja na buli. Aliliinamisha juu ya kikombe chake, likadondoka tone moja, na mashapo.

— Imekwisha, akasema. Na mkaa umekwisha.

Ofisa alikuwa bado amesimama, futi mkononi.

— Fundi, nasubiri jibu.

Nurdini aliwasha chuma chake cha kuchomelea. Umeme ulikuwa umeshakatika. Akakishika hivyo hivyo, baridi, akaisogeza redio karibu na kifua.

— Kisiki, akaniambia bila kuinua kichwa, vuka barabara uniletee mkaa wa jiko moja. Halafu futa ile chaki.