Kisu cha Agneta

Kando ya barabara ya Magongo, ubavuni mwa duka la vipuri, pana benchi lililoundwa kwa mbao za makasha ya bandarini, na kila alasiri Nguma muuza kahawa hulitua dele lake hapo. Ndipo aliposogea Fundi Nyale tangu azikwe mkewe, Kanze, kwani nyumbani pake hapakusalia sauti ila ya tupa ikikereza chuma. Wala hakuja mikono mitupu. Alikuja na kisu alichokifua kwa springi ya lori, mpini akauchonga kwa kuufuatisha na tonge la udongo lililofumbatwa na mwenye kukiagiza, kipate kumkaa yeye tu. Kisu kilikwisha kitambo. Ila kila siku, kabla ya kutoka, Nyale hukisugua kwenye kizingiti cha saruji hata kiwe butu. Kwani kisu kikali hakina mjadala.

— Leo chakata? aliuliza Karisa, ambaye benchi lilimwita Hakimu kwa kuyahukumu yasiyomhusu.

— Hata ndimu hakikati, alijibu Nyale, na roho ikamtulia.

— Si nilikwambia! Ulikipasha moto mno. Chuma kikipanda joto, sharti kishuke makali. Mpanda ngazi hushuka!

— Zii, Hakimu, alidakia Bonface, taniboi wa lori aliyeileta ile springi. Shida ni maji. Alikizimisha na maji ya Chaani, na hayo ni chumvi tupu. Hiyo kisu iko na presha.

— Presha ya chuma?

— Sasa! Na lori yenyewe ilianguka Mazeras. Hiyo chuma iliona damu, saa hii inaogopa kukata.

— Nguma, usimtilie tena huyu, kahawa imempanda kichwani! akafoka Karisa. Fundi, nisikize mimi. Kikulacho ki nguoni mwako: ni hicho kitambaa wakifungia, ndicho kilacho makali.

Wakacheka wote. Nyale akainamisha macho kikombeni.

Kicheko hakijakoma, akatokea mwanamke mwenye leso kiunoni, akinukia samaki wa kukaanga. Alikuwa Agneta, mwenye kisu.

— Shikamoo, Fundi.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimechoka kungoja. Hebu nikione.

Akakishika. Mpini ukamzama kiganjani kana kwamba ulizaliwa humo. Akapitisha kidole gumba makalini, akakitazama: vumbi jeupe.

— Hii ni saruji. Nani anayekisugua kisu changu kwenye saruji?

Bonface akavitazama viatu vyake. Nguma akaliinamisha dele. Halikutoa hata tone.

Agneta akamwangalia mzee.

— Haidhuru, akasema taratibu. Nitakinoa mwenyewe. Mpini umenikaa, Fundi. Asante.

Akaenda zake nacho.

Nyale akabaki na kitambaa kitupu magotini, akikikunja, akikikunjua. Mwishowe Karisa, ambaye hajapata kumenya kitunguu maishani mwake, akanyoosha kiganja.

— Nipimie na mimi.

— Wewe? Cha kukatia nini?

— Tutajua kikiisha. Nawe usikiharakishe.