Siku Tisa za Masika: Maisha ya Filbert Mikaeli Mtewele

Baba Paroko, viongozi wa jumuiya na wa serikali ya mtaa, wafanyakazi wenzake marehemu, ndugu zetu mliotoka Njombe, Wanging'ombe na Ludewa, majirani wa Kitandililo mliokesha nasi siku tatu, kamwene nyote. Naitwa Oktavia Mtewele, mwalimu wa shule ya msingi, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo siku zote nilijua yeye ndiye angenifanyia mimi. Wale mnaosimama nyuma ya turubai, naomba simu zipumzike kidogo, maana karatasi yangu leo ina sehemu iliyochapwa na sehemu niliyoandika kwa mkono asubuhi hii, na sitarudia kusoma.

Marehemu Filbert alizaliwa hapa hapa Kitandililo, Alhamisi tarehe 19 Machi 1981, katikati ya masika, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa marehemu mzee Mikaeli Mtewele na mama yetu Feliciana, ambaye mnamwona ameketi pale kwenye mkeka, Filbert akabatizwa Pasaka ya mwaka ule, na kwa kuwa mama alikuwa na shamba la viazi la kuangalia, mimi ndiye niliyembeba mgongoni hadi alipojua kutembea, kwa hiyo nikiteleza nikamwita mtoto wangu, mnivumilie.

Alianza darasa la kwanza hapa Kitandililo mwaka 1989 na kumaliza la saba mwaka 1995, akasoma sekondari ya misheni Njombe kuanzia 1996 hadi 1999, kidato cha tano na cha sita akavisomea Iringa, kisha Mbeya akapata stashahada ya ununuzi na ugavi mwaka 2004. Alikuwa mtoto wa hesabu, lakini mwenye ubishi, ukimuuliza madebe kumi na mawili ya mahindi yanajaza magunia mangapi anakuuliza kwanza kama debe ni la kufuta, lililosawazishwa juu, au la kilima, na walimu wake walimchapa kwa ubishi huo. Mimi nilikuwa nacheka, nikijua kuwa huyu dunia haitamdanganya.

Tarehe 1 Julai 2005 aliajiriwa kuwa mtunza bohari katika bohari ya dawa ya shirika moja mjini Makambako, nimeombwa nisilitaje jina, na mwaka 2012 akapandishwa kuwa afisa ugavi, akipeleka dawa kwenye zahanati kumi na moja za Wanging'ombe na Ludewa. Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2008 alifunga ndoa na wifi yangu Avelina, Mungu akawajalia watoto wawili, Angela aliyezaliwa mwaka 2010 na Edson aliyezaliwa mwaka 2014, na katika ndoa hiyo sikuwahi kuitwa kusuluhisha, jambo ambalo kwa wifi na dada wa mume si dogo.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi iliyochapwa inasema kwamba marehemu alijiendeleza kwa kujisomea cheti cha kitaalamu cha mageuzi ya mnyororo wa ugavi, akafanya mtihani wake mara saba bila mafanikio. Mstari huo niliutunga mimi mwenyewe juzi, na asubuhi hii nimeukata kwa kalamu, kwa sababu si kweli. Baba mdogo Timoth, najua kwenye kikao cha ukoo jana ulisema mambo ya bohari yazikwe na mwenyewe, na ninakuheshimu, lakini naomba uendelee kukaa, mzee wangu, maana mimi nimekwisha kusimama.

Cheti hicho hutolewa na chama cha nje ya nchi, na kwa sisi tusiojua, kinafundisha namna ya kubadilisha safari nzima ya mzigo, kuanzia kwa anayeuza hadi kwa anayetumia, ili kitu kisilale rafuni bila kazi na kisikosekane kinapohitajika. Anayekitafuta anatakiwa kwanza afanye mageuzi mahali pake pa kazi na kuyaandikia ripoti, ndipo aruhusiwe kuingia kwenye mtihani wenyewe, uliokuwa ukifanyika mjini Njombe kila Novemba. Filbert alianza kusoma Januari 2016, na kwa ripoti yake alichagua akiba ya tahadhari, yaani lile boksi la ziada ambalo kila zahanati huliweka kando, haliguswi mpaka mzigo uchelewe. Dawa nyingi zilikuwa zikiisha muda ndani ya maboksi hayo, hivyo akaandika kwamba mzigo wa Makambako unafika popote kwa siku mbili, kwamba boksi la ziada halina kazi, na Septemba ya mwaka huo akayakusanya yote kumi na moja na kuyarudisha bohari.

Siku mbili hizo alizipata kwa kutafuta wastani wa safari za Juni hadi Agosti, barabara ikiwa kavu. Jamani, huyu ni mtoto wa masika, mtoto niliyemvusha mto mgongoni kumpeleka kliniki maji yakinifika kiunoni, mvua anaijua kama anavyomjua mama yake, lakini kitabu cha cheti kilitaka namba moja, naye akakipa namba moja. Mbishi wa debe la kufuta, siku hiyo hakuuliza.

Aprili 2017 mvua zilikata barabara ya zahanati moja ya mlimani, ng'ambo ya mto Mchuchuma kule Ludewa, gari la dawa likanasa kwenye tope, mzigo ukafika siku ya tisa. Siku ya saba, Jumatano tarehe 12 Aprili, dada mmoja aitwaye Rejoice, mwenye miaka ishirini na sita, alijifungua salama mtoto wa kike katika zahanati hiyo, kisha akatokwa damu, na dawa ya kuizuia, ambayo mwaka mmoja nyuma ingekuwa ndani ya lile boksi, haikuwepo. Rejoice akafariki. Uchunguzi ukafanyika, barua ikaandikwa kwamba chanzo ni mvua, hakuna mtu aliyeulizwa chochote, na Mei ikaja barua nyingine, ya wale wa cheti, ikimpongeza Filbert kwa ripoti bora na kumruhusu kuingia kwenye mtihani. Barua zote mbili tumezikuta jana ndani ya kitabu chake, zimebanwa kwa pini moja.

Tangu siku hiyo ndugu yangu hakukaa tena peke yake. Avelina ameniruhusu niseme kwamba mvua ikianza kugonga bati alikuwa anaacha chakula, anatoka barazani, anahesabu vidole vyake hadi tisa, kisha anaanza upya, na chumvi ikibaki nusu pakiti nyumbani alikuwa mkali kuliko mtu aliyeibiwa. Alimwambia mkewe kwamba kila akifungua kitabu anaona kuna mtu amekaa upande wa pili wa meza, anamsubiri amalize hesabu, na wifi yangu akadhani ni uchovu wa kusoma. Pembeni mwa kila ukurasa wenye hesabu ameandika kwa penseli jina moja, Rejoice, jina la mtu ambaye hakuwahi kumwona uso.

Kuanzia 2017 hadi 2023, kila Novemba, alijiandikisha, akavaa tai, akaondoka Makambako siku moja kabla akituambia analala Njombe ili asichelewe, na akirudi tukimuuliza anasema safari hii pia umemshinda. Tukazoea, tukamwita Mwanafunzi. Krismasi ya 2021, kwenye meza ya mama, watu wamejaa, nilimwambia kwamba Edson atamaliza chuo kabla yake, watu wakaangua kicheko, naye akacheka pia, akaniongezea nyama kwenye sahani. Nyama ile inanikaba hadi leo, na ninamwomba msamaha mbele yenu, kwa sababu sina pengine pa kumwombea.

Jana saa tisa alasiri aliingia hapa mama mmoja kutoka Ludewa, ambaye Avelina alimpigia Jumapili kwa sababu tu namba yake ilikuwa kwenye simu ya marehemu. Anaitwa Mama Yunisi, ameketi pale karibu na mama yetu, naye ndiye aliyemzaa Rejoice. Asubuhi hii nilimfuata jikoni, nikamwomba ruhusa ya kuyasema aliyotusimulia jana, akanijibu nisome, ila nisipunguze.

Filbert hakuwahi kuingia kwenye chumba cha mtihani. Akifika Njombe alikuwa anapanda gari la Ludewa, na kesho yake, saa zile zile ambazo wenzake walikuwa wanajibu maswali, yeye alikuwa uani kwa Mama Yunisi. Mwaka wa kwanza alimweleza yote aliyofanya, mama akaingia ndani na kufunga mlango, naye akakaa kwenye gogo nje, tai shingoni, hadi saa sita mchana muda wa mtihani ulipokwisha, akaondoka. Mwaka wa pili mama alitoka, akamuuliza swali moja tu, kwamba kutoka Makambako hadi hapa kwake, mvua zikinyesha, mzigo unafika kwa siku ngapi, Filbert akajibu tisa, mama akamuuliza kwa nini basi aliandika mbili, kisha akamwambia akasome tena.

Naye akasoma kweli. Maboksi alikuwa amekwisha kuyarudisha zahanati zote tangu Mei 2017, lakini hakuridhika nayo, kwa sababu hakuna aliyejua boksi linapaswa kutosha siku ngapi, hivyo kila masika alichukua likizo yake, akazifuata barabara zile moja moja, juu ya magari ya mizigo na kwa miguu, akiandika kwenye daftari siku za kweli, na kila Novemba akampelekea Mama Yunisi hesabu mpya. Mama alianza kumpa kiti, baadaye uji, na mtoto aliyeachwa na Rejoice, Jane, akamzoea hadi akawa anamshikia penseli. Novemba 2023 alimsomea zahanati zote kumi na moja, mama akamuuliza lile swali lake, akajibu, na safari hiyo mama akamwambia kwake amefaulu, sasa aende akafanye mtihani wa wenyewe.

Akajiandikisha kwa mara ya nane. Machi mwaka huu aligundulika na ugonjwa wa figo, akatibiwa Njombe, akawa anasoma kitandani, safari hii kwa furaha, nasi tukashangaa furaha hiyo imetoka wapi. Tarehe 21 Oktoba alilazwa tena, muuguzi akatuambia mgonjwa anaweweseka namba, kumbe alikuwa anarudia siku za zahanati zake, na Jumamosi alimuuliza daktari dripu zimebaki ngapi kabatini. Jumapili tarehe 3 Novemba 2024, saa mbili asubuhi, alifariki dunia akiwa na miaka arobaini na mitatu, na mtihani wake ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Njombe waliomhudumia kwa uvumilivu, wafanyakazi wenzake wa bohari, majirani mliochota maji na kupasua kuni, wanajumuiya mliosali nasi, na wewe Mama Yunisi, uliyekuwa na kila sababu ya kutokuja. Uliniambia jikoni kwamba nikimaliza kusoma nimpe marehemu jibu lake mbele ya jeneza, aende nalo, asije akaulizwa huko akababaika. Filbert, mdogo wangu, kutoka Makambako hadi kwa Mama Yunisi, mvua zikinyesha, ni siku tisa. Umejibu sawasawa, muda umekwisha, weka kalamu chini, upumzike kwa amani.