Munir Himid na Mkimbio Mmoja Uliobaki

Baada ya misimu ishirini na tisa ya kushika gongo la kriketi na kutunza majani ya uwanja wetu wa Rayners Lane, Bwana Munir Himid alistaafu Jumamosi, tarehe 20 Septemba 2025. Tangazo lililobandikwa mlangoni lilitaja tarehe 13. Lililotokea baina ya Jumamosi hizo mbili ndilo lililochelewesha makala haya.

Bwana Munir alizaliwa Kilburn, mwana wa pili wa mwokaji mikate aliyetoka Unguja. Alijiunga na Klabu ya Kriketi ya Mwambao mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Mwaka huohuo klabu ilimwajiri kuwa mtunza uwanja, kwa kuwa kila aliyefika mapema alimkuta amekwisha kufika.

Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani na treni za kwanza zikipita nyuma ya miti kana kwamba hazina magurudumu, yeye husimama katikati ya uwanja bila kufanya lolote. Siku moja mkewe, Bi Miska, alimkuta ameketi juu ya rola ya kusawazishia uwanja, amesinzia, kikombe cha chai kimesimama wima mkononi. Alipoamshwa alisema kwamba alikuwa akicheza mechi ya wiki ijayo, na kwamba ilikuwa ikienda vizuri.

Alicheza vivyo hivyo. Mpira uliotupwa kwa kasi ulionekana kupunguza mwendo ulipomkaribia, kama mgeni anayetafuta namba ya nyumba. Alifikisha mikimbio mia, yaani alama mia za mpigaji, katika mechi moja mara thelathini na moja, na hakuna mchezaji mwingine wa ligi yetu aliyefanya hivyo mara nyingi kiasi hicho. Rekodi moja tu ilimshinda: jumla ya mikimbio 18,406 iliyowekwa na Mzee Kailash Pandya, mzaliwa wa Mombasa, ambaye sasa huitazama kila mechi kutoka kwenye kiti chake cha turubai. Kila Jumamosi Mzee Kailash alimwambia, "Mwanangu, ukinipita, narudi uwanjani. Nina gongo langu garini."

Wanachama wapya wafahamu desturi yetu. Mechi ikiisha, kabla ya chai, kila aliyepiga huenda kwenye meza ya Bi Mardhiya, mwandishi wetu wa alama, akasoma mstari wake katika kitabu cha alama kwa sauti na kusema "Sawa." Asiposema, kitabu hakifungwi.

Tarehe 13 Septemba, mpira wa mwisho wa mechi ulitua mbele ya Bwana Munir, ukaenda pembeni, naye akakimbia upande wa pili kwa goti lake bovu. Mkimbio huo ulikuwa wa 18,407. Watu walisimama, wengine walilia. Yeye alifika mezani, akausoma mstari wake.

"Sema sawa, Munir, chai inapoa," alisema Bi Mardhiya.

"Bibi, ule haukuwa wa gongo. Uligonga mguu."

Mpira ukigonga mguu, mkimbio ni wa timu. Mpigaji hapati kitu. Mwamuzi, Bwana Tarsem, jua lilikuwa machoni mwake, na alisema kwamba alichokwisha kuamua hakibadiliki. Bwana Munir hakusema sawa. Ili kitabu kifungwe, Bi Mardhiya akaufuta mkimbio ule kwenye mstari wake. Mzee Kailash akacheka hadi akakohoa. "Mjinga huyu," alisema, "nimemfundisha mwenyewe."

Walikuwa wamelingana, na msimu ulikuwa umekwisha. Ilibaki mechi moja iliyoahirishwa mwezi wa Mei kwa sababu ya mvua, na klabu ya Thornton Heath ilikuwa imekwisha kuandika kwamba haitakuja kuicheza. Jumatatu nahodha wao, Bwana Solomon, alipiga simu. "Tunakuja. Mwambieni hatumpi hata mmoja wa bure."

Hawakumpa. Tarehe 20, chini ya mawingu yaliyokaa kama shuka lililoanikwa, Bwana Munir alipiga mipira ishirini na miwili bila kupata kitu. Wa ishirini na tatu aliugusa kidogo tu, ukateleza kwenye majani aliyoyakata mwenyewe asubuhi ile, naye akatembea zaidi ya kukimbia. Alifika. Mpira uliofuata ulimtoa mchezoni.

Mezani alisoma: "Munir Himid, mkimbio mmoja." Bi Mardhiya alisubiri, kalamu ikiwa juu.

"Sawa."

Kitabu kikafungwa.

Bwana Munir, klabu inakushukuru kwa kila mkimbio ulioupata na kwa ule ulioukataa. Tunakuombea goti lipone, asubuhi zisizo na haraka, na usingizi mwema popote utakapokukuta. Kiti chako cha turubai kimekwisha kununuliwa, nacho kitawekwa karibu na cha Mzee Kailash. Tafadhali kitumie. Gongo lake ameshalitoa garini, na sisi peke yetu hatutaweza kumzuia.