Neno Alilofuta Loretta

Ndani ya basi mjini Toledo, Loretta alikuwa akifuta neno "maigizo" kwenye fomu ya binti yake ya kuchagua somo la sanaa, ili aandike "uchoraji". Mzee aliyekaa naye, mtu asiyejua kunyamaza, akauliza, "Mama, mtoto kakukosea nini?"

"Binti yangu? Tangu baba yake ahame, hata salamu inamtoka kwa shida. Jukwaani atasema nini?"

"Si atapewa maneno? Nyumbani inabidi ayatafute mwenyewe."

"Mzee wangu, humjui mwanangu."

"Kweli, simjui. Wewe je?"

Basi likasimama mbele ya shule. Loretta akashuka bila kuaga. Pale alipofuta, karatasi ilikuwa imechubuka, lakini neno bado lilisomeka. Binti alikuwa ameikandamiza penseli kwa nguvu zake zote.