Miche Niliyoiacha Iungue

Wanangu, mimi nilimdhulumu Mama Pacha, mke wa marehemu ndugu yenu, na jambo hilo nalisema leo nikiwa bado na ulimi, maana Mwenyezi Mungu analijua siku zote, mliobaki kulijua ni nyinyi. Sikilizeni, msinikatize. Na wewe mwanangu fundi cherehani, acha kunipepea, kaa chini na wenzako.

Mnakumbuka kuku wangu walivyoteketea kwa kideri wiki moja tu, uwanja ukabaki mabanda matupu na kinyesi kilichoshikana kama zege. Yule binti alipotoka kufiwa na mumewe aliingia humu chumbani, akasema, “Baba, nipe uwanja wa kuku nipande mboga, nisikae kwako kama mgeni.” Nikampa kwa mdomo, moyoni nikasema, mwanangu kafa, huyu anatafuta nini tena kwangu? Akaniuliza apande lini. Nikamjibu, “Kesho tu, mbolea si hiyo imejaa, unangoja nini?” Nami niliyefuga miaka thelathini nilijua fika kwamba kinyesi cha kuku kibichi kina moto, kinababua mche hata ukiumwagilia kisima kizima. Nilijua, nikanyamaza, ili ashindwe na aondoke mwenyewe.

Siku ya tano miche ikajikunja, majani kahawia. Wewe mkubwa ukapiga kelele hapo barazani, “Shemeji, mchicha nao umekukosea nini?” Watu wakaangua kicheko. Wewe ulicheka hujui kitu. Mimi nilicheka nikijua, na jioni ile ile nikaenda kusali, nikawaombea wajane mbele za watu.

Hakuondoka. Alikwangua uwanja mzima kwa jembe, akarundika kinyesi pembeni pamoja na majani makavu, akawa anakilowesha na kukigeuza kila wiki, miezi minne, bila kumwuliza mtu, kwa kuwa aliyemwuliza mwanzo alimdanganya. Rundo lilipopoa na kunukia udongo, ndipo akalichanganya na ardhi. Wavu wa mabanda akauzungushia uwanja kuzuia mbuzi. Nyanya, bilinganya na bamia mnazokula humu zimetoka kwenye mgongo wake. Na wageni waliponiambia, “Mzee, una mkono wa baraka,” nilijibu, “Namshukuru Mungu.” Nilimshukuru Mungu kwa jembe ambalo sikulishika! Hiyo ndiyo aibu inayonikosesha usingizi kuliko maradhi haya.

Sasa nasikia mnanong'ona juu ya kujenga vyumba vya kupangisha pale. Hapana. Nyumba hii ni yenu nyote, gawaneni bila kutoana macho. Bustani, pamoja na bomba lake na njia ya kupita, ni ya Mama Pacha na wanawe, wala asiombe ruhusa kwa yeyote. Mzee wa mtaa nimeshamwambia, ameandika, nimetia dole gumba. Mungu awape riziki ya halali, na ule uchoyo wangu auzike pamoja nami, asiurithi hata mmoja wenu...

Ngojeni... pumzi. Yeye mwenyewe sijamwambia. Mara tatu nilijikokota hadi kwenye wavu, nikaishia kuomba pilipili mbili tatu, nikarudi. Sasa miguu haina tena safari hiyo. Yuko nje anapalilia. Mwanangu mkubwa, niinue kidogo niegemee ukuta... hivyo... kisha nenda ukamwite, nimwombe msamaha.