Ndoo ya Rangi Nyeupe

Benchi letu liko mbele ya duka la baiskeli. Ng'ambo ya barabara ni nyumba ya bibi mjane aliyeanza kuchora akiwa tayari na wajukuu, bila kufundishwa na mtu. Ukuta wake wote umejaa watu wa kijiji hiki, mikono mirefu, macho makubwa. Sasa mwanawe anatarajia kuja kwa wakwe, na ukuta unamtia aibu. Kamwajiri Fundi Rangi aupake mweupe. Asubuhi hiyo Fundi alikuwa na ndoo miguuni, lakini kikombe hakimtoki mkononi.

— Fundi, kazi inakusubiri, alisema Breki, dereva mstaafu.

— Rangi haiozi. Ngoja nimalize kahawa.

— Ule si uchoraji, ni wosia, alisema Profesa, ambaye shule aliikimbia mapema. Tazama, kila mtu kasimama shambani. Bibi anagawa ardhi kimyakimya.

— Wosia gani una mbuzi anayecheka? alisema Breki. Bibi kapata mchumba. Nani ananunua brashi uzeeni hivihivi?

— Hanunui, alisema Fundi. Brashi ni manyoya ya mbuzi kayafunga kwenye kijiti. Rangi nampa mimi, mabaki ya makopo.

Tukamgeukia.

— Kumbe mchumba mwenyewe ndiwe!

— Acha utani, Breki. Mumewe alipofariki alikuja kuniomba bluu kidogo. Nikadhani ni ya mlango.

— Bluu inaonekana kutoka angani, alisema Profesa. Anawaita marubani.

— Bluu ni gauni la mama yangu, marehemu. Pale kando ya dirisha, na tenga lake la nyanya. Picha yake nyingine sina.

Nilimmiminia kahawa iliyobaki kwenye birika.

Mpangaji mpya wa nyumba ya jirani, mwanamke aliyeleta baiskeli kujaza upepo, aliitazama ndoo, akautazama ukuta.

— Shikamooni. Mnaufuta ule?

— Marahaba, mama. Ndiyo, alisema Fundi.

— Unaanza na nani?

Breki alijikuna shingo. Profesa alipuliza kikombe kisicho na kitu. Ng'ambo, bibi alikuwa ametoka na kitambaa, anawafuta watu wake vumbi usoni, mmoja mmoja, kama kila asubuhi.

Fundi alimpisha mgeni kwenye benchi, akaikalia ndoo. Akainua birika, lilikuwa tupu.

— Profesa, mpigie simu mwana wa bibi, alisema. Mwambie aje aanze mwenyewe. Yuko pale karibu na mlango, kabebwa mgongoni mwa mama yake.