Eunice Kananu Ndambiri, Aliyeitwa Msomi wa Amerika

Mama yetu Eunice Kananu Ndambiri alizaliwa Githongo, Imenti ya Kati, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee M'Ikiara na mkewe Mukiri. Kitambulisho chake kinasema ni tarehe 1 Januari 1936. Tarehe hiyo alipewa na karani aliyekuwa na haraka. Mama yake alisema tu kwamba alizaliwa wakati wa kuvuna njahi, maharagwe yetu meusi, na kwamba alilia siku mbili bila kupumzika.

Kuhusu masomo, familia inasema wazi: mama hakusoma. Hakuingia darasa lolote, hapa Githongo wala ng'ambo. Wengi mlio hapa mtashangaa, kwa maana mmemwita Msomi wa Amerika kwa miaka sitini na mitano. Ni yeye mwenyewe aliyeomba jambo hili lisemwe leo. Alimwomba kitinda mimba wake, Lydiah Ruguru, aliyemtunza mpaka mwisho. Kaka zake wawili hawakutaka lisemwe. Limesemwa, na haya ndiyo yaliyotokea.

Mwaka wa 1952 mama alianza kazi ya yaya Embu, kwa Bwana Whitlock, Mmarekani aliyekuwa akipima udongo wa mashamba. Mwaka wa 1954, katikati ya Hali ya Hatari, Bwana huyo aliitwa kwao, na mkewe hakutaka kuachana na yaya. Mzee M'Ikiara aliletewa karatasi. Aliambiwa imeandikwa kwamba binti yake atasomeshwa Amerika, akaweka kidole gumba. Hakuna aliyejua karatasi ilisema nini kwa kweli.

Mama aliishi miaka mitano katika mji mdogo wa jimbo la Ohio. Yote aliyosimulia juu ya Amerika, na nyinyi mliyapenda, aliyaona kutoka jikoni. Maziwa yaliletwa mlangoni alfajiri katika chupa. Mkate ulikuwa senti kumi na tisa, na stempu ya barua senti tatu, halafu ikapanda ikawa nne. Magari yalikuwa na mikia kama samaki. Chakula kilinunuliwa kimegandishwa katika sahani ya bati, kikaingizwa ndani ya jiko na sahani yake. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua kwa mashine, na siku ya Alhamisi alimsindikiza mke wa Bwana, aliyemwita Memsabu, dukani kubeba mifuko. Tarakimu alizijua, na bei hazikumtoka kichwani. Jioni familia ilipotazama televisheni, yeye alisimama kwenye mlango wa jikoni akiwa na kitambaa cha vyombo. Aliona mieleka, akaona wachekeshaji, akaona watu waliovaa kofia kubwa wakipigana bastola juu ya farasi. Jumamosi alipewa nusu dola, iliyotosha tiketi ya sinema. Lakini hakuruhusiwa kutoka peke yake, na hakukuwa na wa kutoka naye.

Kila asubuhi aliwapeleka watoto wawili wa nyumba ile mpaka kona, wakapanda basi la manjano la shule, naye akarudi. Msichana mdogo alianza kumfundisha herufi mezani. Walipofika F, Memsabu akasema meza inahitajika.

"Septemba, Eunice," Memsabu alimwambia. "Shule zikifunguliwa Septemba."

Septemba zilipita tatu. Katika ile ya mwaka wa 1957, televisheni ilionyesha watoto weusi tisa huko Arkansas wakipelekwa shule na wanajeshi wenye bunduki. Memsabu aliizima.

"Na wewe, Septemba ijayo," akasema.

"Na mimi nitahitaji wanajeshi?" mama akauliza.

Memsabu alicheka mpaka akafuta macho. Mama hakuwa anatania.

Alirudi Kenya Agosti 1959, wiki chache kabla ya Septemba nyingine. Aliteremka Githongo na sanduku, viatu vya kisigino na kofia ya rangi ya maziwa. Jumamosi iliyofuata chifu alimsimamisha mbele ya baraza asimulie Amerika. Mzee mmoja akainua fimbo yake.

"Wewe msichana, hii kahawa yetu, huko inauzwa pesa ngapi?"

"Mwaka niliofika ilikuwa imepita dola moja kwa ratili," mama akajibu. "Sasa imeshuka, ni kama senti themanini."

"Dola ni shilingi ngapi?"

"Saba na kitu."

Wanaume walipiga mluzi. Mmoja akasema, "Ati shilingi saba! Na sisi tunapewa nini?" Mwingine akasema, "Huyu amesoma. Mtu hawezi kujua haya bila kusoma." Mama hakusema amesoma. Hakukataa pia. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake watu wazima kumnyamazia wamsikilize.

Kesho yake mwanamke mmoja alimletea barua ya mwanawe aliyekuwa kizuizini. Mama akaishika na kusema, "Iache niitazame vizuri. Rudi kesho." Halafu akaipeleka kwa karani wa kiwanda cha kahawa, kijana wa Kanja, Embu, aliyeitwa Ndambiri.

"Karani, nisomee. Macho yangu yamezoea maandishi ya Amerika."

Ndambiri alimtazama, akatazama barua mkononi mwake.

"Binti, hata Amerika herufi hazisimami kwa kichwa. Igeuze kwanza."

Alimsomea mara mbili. Mama akaishika yote kichwani, na kesho yake akamsomea yule mwenye barua neno kwa neno, macho yakitembea juu ya karatasi kama ya mtu anayesoma. Hivyo ndivyo uchumba wao ulivyoanza. Walifunga ndoa kanisani tarehe 10 Desemba 1960, wakajaliwa watoto watatu: Njuki mwaka wa 1961, Muthomi 1964 na Ruguru 1972.

Mama alikuwa mkulima wa kahawa na msomaji wa barua wa Githongo kwa zaidi ya miaka thelathini. Barua ililetwa leo, ikasomwa kesho, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba alisomewa vibaya. Lakini aliyeshika mpini alikuwa Ndambiri. Alipohamishiwa kazi Embu mwaka wa 1978 na kuoa mke wa pili Kanja, mama alitaka kulalamika mbele ya wazee. Ndambiri akamwambia, "Ukifungua mdomo wako, na mimi nitafungua wangu." Mama akanyamaza. Tangu hapo mume alikuja mwisho wa mwezi, na barua za watu zikangoja mwisho wa mwezi.

Njuki na Muthomi walisoma wakati baba yao yuko nyumbani, na vitabu vyao alivitazama yeye. Ruguru alipofika umri wa shule, kaka zake walikuwa shule za bweni, na nyumbani alibaki mama peke yake. Msichana akileta daftari jioni na kusema, "Mama, nisomee hapa," ingekuwaje? Kwa hivyo Januari ya 1979 Ruguru aliambiwa, "Mwaka ujao." Januari ya 1980 akaambiwa, "Mwaka ujao." Karo haikuwa sababu, kwa maana madarasa ya chini yalikuwa bure. Wenzake walipita njiani na sare, naye alikuwa ndani ya kahawa na kikapu. Mwaka wa 1985 alikuwa mrefu kuliko mwalimu wa darasa la kwanza, na neno la shule likaisha lenyewe.

Mzee Ndambiri alifariki mwaka wa 1991. Mama alinunua miwani sokoni Meru na kutangaza kwamba macho yamekufa, hawezi tena kusoma barua za watu. Wote walimhurumia. Uzi aliendelea kuutia kwenye sindano.

Oktoba 1993 Ruguru alipata barua. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Aliyemwandikia alikuwa Ireri, fundi wa magari wa Embu, ambaye walikuwa wameelewana. Ruguru hakufikiria kuipeleka kwa mtu mwingine. Ni nani anayetoa mambo yake ya ndani nje, na mama yake amesoma Amerika?

"Mama, vaa miwani unisomee."

"Iache. Kesho."

"Mimi si watu, mama. Mimi ni mtoto wako. Nisomee sasa."

Mama alivaa miwani. Hakukuwa tena na karani wa kumkimbilia. Alitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akasema, "Anasema kazi imekuwa nyingi. Anasema usiwe na wasiwasi, atakuja Krismasi."

Ruguru alingoja Krismasi. Alipaka nyumba chokaa. Mwezi wa pili akasikia Ireri ameoa. Hakuja mchumba mwingine, au walikuja wasiofaa, na kazi ya nyumba ile ikawa yake: kahawa, ng'ombe, mama. Kaka zake walikuwa wameshaondoka mmoja baada ya mwingine. Kila walipokuja walimshukuru kwa kubaki, kana kwamba alikuwa amechagua.

Agosti 2019 Nelius, binti ya Njuki, alikuwa akisafisha chumba cha nyanya yake. Chini ya sanduku la Amerika alipata barua hiyo, akaisoma kwa sauti, akidhani ni kitu cha kuchekesha cha zamani. Ireri alikuwa ameandika: "Wazee wangu wako tayari. Njoo Jumamosi tarehe 6 Novemba tupange siku. Nitakungoja stendi ya Embu mpaka saa kumi jioni. Usipokuja nitajua umekataa, na sitakusumbua tena."

Ruguru alikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa. Mama alikuwa amekaa kitandani.

"Shosho, hii si ulikuwa umeisoma?" Nelius akauliza.

"Soma tena," mama akasema. "Pole pole. Na mimi sikujua ilisema nini."

Siku arobaini Ruguru alimpikia mama yake, akamwogesha, na hakumwambia neno hata moja. Siku ya arobaini na moja mama alianza kusema yeye. Alisema juu ya karatasi ya kidole gumba, juu ya basi la manjano, juu ya kila Septemba. Alisema alikuwa ameificha barua kwa sababu aliogopa kuichoma kabla hajajua imesema nini. Kisha akasema, "Nimechoka kuwa msomi. Nikiwa hai sina nguvu ya kuivua hii kitu. Siku mtakayonizika, nivueni."

Machi 2021 alipata kiharusi kilichomlemaza upande wa kulia, na hakutoka kitandani tena. Alitibiwa hospitalini Meru, kisha nyumbani. Ruguru alimgeuza kila baada ya saa mbili kwa miaka minne kasoro mwezi. Alifariki asubuhi ya Jumapili tarehe 9 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka themanini na tisa, baada ya kunywa uji nusu kikombe.

Siku ya Jumanne kamati ya mazishi ilikutana jikoni. Njuki, mwalimu mkuu mstaafu wa huko Kaaga, alikuja na karatasi yake iliyosema mama alisomea Ohio kuanzia 1954 hadi 1959. Ruguru hakuweza kuisoma, lakini Nelius alimwambia imesema nini.

"Toa hiyo," Ruguru akasema.

"Mama alikuwa na heshima zake. Unataka tumzike bila nguo?"

"Hiyo nguo ilimbana yeye, ikanibana na mimi. Ametuomba tumvue, Mwalimu."

Muthomi akasema kwa simu, "Tuandike aliishi Amerika, tunyamaze hapo."

"Kunyamaza ndiyo kazi aliyofanya maisha yote," Ruguru akamjibu. "Faida yake iko hapa jikoni, imevaa aproni."

"Na mambo kama haya atayasoma nani mbele ya watu?" Njuki akauliza.

"Wewe. Si wewe ndiye ulisoma?"

Nelius aliinamisha uso kwenye daftari. Njuki alikaa na chai mpaka ikapoa. Mwishowe akasema, "Sikuwahi kukuuliza kwa nini hukuenda shule. Nilidhani hukupenda." Ruguru akamwambia Nelius aendelee kuandika.

Kwa hivyo ni Njuki, mwanawe wa kwanza, anayewasomea maneno haya.

Marehemu ameacha watoto watatu: Njuki wa Kaaga, Muthomi wa Nairobi, na Ruguru, ambaye makao yake hayajulikani bado, kwa maana nyumba alimokaa ilikuwa ya mama. Ameacha wajukuu saba, akiwemo Nelius, na vitukuu wawili walio shuleni. Ruguru hajasema kwamba amesamehe. Amesema mama aliomba jambo moja tu, na limetimizwa.

Mungu amlaze pema Eunice Kananu binti M'Ikiara, ambaye hakusoma.